Gari Lisilo na Sura

Nchi ninayoisema haipo. Nimeanza na hilo mapema ili nisije nikaitwa mahali kujieleza. Haipo kwenye ramani, bendera yake huijui, na kama unaona inafanana na nchi ya mtu fulani, hayo ni macho yako, kayatibu. Mimi nilikuwa karani wa vikao katika Wizara ya Itifaki, Muonekano na Usafiri ya nchi hiyo isiyokuwepo. Miaka kumi na minne niliandika kila walichosema wakubwa, hata siku ambazo hawakusema kitu.

Katika nchi hiyo watu huamkia gari. Msinikodolee macho, nawaambia ukweli. Gari la mkubwa likisimama, kabla mlango haujafunguliwa, wananchi hujipanga mbele yake, huinama kidogo na kusema, "Shikamoo, gari." Mwenye gari hukaa kwanza ndani, vioo juu, anasikilizia. Heshima yenyewe hupelekwa kwenye shoo, ule wavu wa chuma wa mbele, kati ya taa na taa, unaopitisha upepo kwenda kwenye rejeta. Na shoo zina vyeo. Ya waziri ina fito tisa, ya naibu wake saba, ya mkuu wa wilaya tano. Hata mtendaji wa kata yetu, ambaye hana gari ila pikipiki, alijifungia fito mbili kwa mipira ya baiskeli, na watu waliiamkia pikipiki ile kwa moyo mweupe. Ukimkuta mtu mzima barabarani anahesabu vyuma kwa kidole, usimcheke. Anatafuta ainame kiasi gani asije akalala mahabusu.

Basi, nchi ikiwa imetulia hivyo na heshima zake, ikaja habari ya magari ya umeme.

Marafiki zetu wa nje walisema watatupa gari moja la kubebea wagonjwa, la umeme, kwa ajili ya zahanati ya Mtimbo, na likifanya vizuri watatupa mengine. Kuchagua aina ni juu yetu. Mtimbo ni mbali. Kutoka hapo hadi hospitali kuu ni kilomita tisini na sita, na gari la zamani la dizeli lilikuwa limekufa kifo cha kweli, hata mafundi walishalisahau. Dereva wake, Bwana Bakili Ntandu, alikuwa bado anavaa sare kila asubuhi na kukaa ndani ya lile gari bovu, kwa sababu ndiyo kazi aliyoajiriwa.

Bakili alikuwa na jambo lake. Mkewe, Bi. Sikudhani, figo zilikuwa zimekataa kazi. Kila Jumatatu na kila Alhamisi ilibidi afike hospitali kuu, alazwe kwenye mashine, asafishwe damu. Siku hizo alikuwa akipanda lori lolote linalopita, juu ya magunia, na akirudi hana nguvu hata ya kuvua kanga. Akikosa mara moja, miguu inavimba. Akikosa mara mbili, pumzi inakata. Mara tatu daktari hakutaka kuisema. Kwa hiyo Bakili aliposikia linakuja gari jipya, alilia mbele za watu, mwanaume mzima.

*

Gari la kwanza la majaribio lilipofika, Mheshimiwa Waziri alisema atalijaribu yeye mwenyewe. Namtaja kwa ukamilifu, maana anapenda: Mheshimiwa Dakta Polikapi Sanzugwi. Udaktari wake ni wa heshima, alitunukiwa na chuo ambacho alikuwa amekizindua asubuhi ya siku hiyohiyo. Alilipanda gari akaenda nalo kufungua choo cha soko.

Sasa gari lile, mbele lilikuwa laini, na nyuma lilikuwa laini. Shoo hakuna. Kikundi cha ngoma cha kina mama kikatazama, kikakosa cha kuhesabu, kikaamua. Kikajipanga nyuma. "Shikamoo, gari!" wakaliambia buti. Shada la maua likavishwa kwenye waipa ya nyuma. Mwalimu mkuu akafungua risala yake ya kurasa sita na kuisoma yote kwa sauti kubwa, anaisomea buti. Ndani, Waziri ametazama mbele, anaona barabara tupu na mbuzi mmoja, na yule mbuzi hakuinama.

Dereva akageuza gari ili kurekebisha mambo. Watu nao, kwa utiifu wao, wakazunguka kulifuata buti lao. Walizungushana hivyo mara tatu mbele ya choo. Mara ya tatu Waziri alitoka mwenyewe bila kuamkiwa, akafungua choo kwa hasira, akakitumia, akaondoka.

*

Kesho yake kikaitishwa kikao cha kuchagua gari. Mbele yetu kulikuwa na magari mawili. La kwanza pana, limenyanyuka juu, umbo lake kama sanduku la kusambazia mikate. Lilikuwa linakwenda kilomita mia tatu na kumi bila kuchajiwa, na mashimo ya barabara ya Mtimbo lingeyapita bila kuyasalimia. La pili jembamba, la chini, linang'aa kama sufuria ya bi harusi. Lenyewe lilikwenda mia mbili na thelathini. Yote mawili hayakuwa na shoo.

Mkurugenzi wa Sura, Bwana Ezekia Chambulila, mtu aliyekuwa akisimama wima hata simu ya mezani ikiita, alisoma vigezo. Sura ya gari, alama sabini. Rangi, kumi na tano. Mlio wa mlango unapofungwa, kumi. Zilizobaki tano zilipewa "mengineyo", na humo ndimo walimotiwa umbali, betri, breki na mgonjwa.

Lile la kwanza lilipata alama mbili za sura. Chambulila alisema linamkumbusha shemeji yake.

Akasimama Mhandisi Leokadia Mbuna, mtaalamu pekee aliyekuwa chumbani. Mama wa watu alikuwa hajui kwamba mtaalamu huitwa kikaoni ili kujaza kiti.

"Mheshimiwa," alisema, "gari la umeme halina injini ya kuchemka pale mbele. Shoo kubwa haina kazi. Wameziba makusudi, upepo uteleze, betri ifike mbali."

"Kwa hiyo unakiri mbele ya kikao kwamba halina sura."

"Nakiri kwamba halihitaji tundu, Mheshimiwa."

"Karani, andika. Mtaalamu amekiri."

"Mimi sisemi sura haina maana," Leokadia alisema, na sasa sauti ilianza kumpanda. "Gari zuri ni zuri, hata mimi macho ninayo. Likipendeza, dereva atalitunza, na mgonjwa hataona haya kulipanda. Lakini umbo la gari la umeme limetengenezwa kwa ajili ya upepo. Ukilibandika vyuma usoni, upepo utalishika, na betri itakwisha njiani."

Waziri alimtazama kwa huruma. "Upepo haupigi kura, Mhandisi."

Makofi yakapigwa dakika mbili nzima. Mimi mwenyewe nilipiga, nina watoto.

Likachaguliwa lile la kung'aa, kwa sharti kwamba lichomelewe fremu na kufungwa shoo ya fito tisa. Mjumbe mmoja aliuliza, kwa kunyenyekea, kwa nini gari la wagonjwa lipewe fito za waziri. Chambulila akamjibu kwamba gari litazinduliwa na Waziri, na kitu hakiwezi kuzinduliwa kikiwa na cheo kidogo kuliko mzinduzi. Yule mjumbe akaona haya kwa ujinga wake. Shoo ikatengenezwa kwa chuma cha reli. Ilikuwa na uzito wa kilo mia moja na themanini, imesimama wima kama mlango wa gereza.

Bakili alikuwa ameitwa kama mwakilishi wa watumiaji, akawekwa kiti karibu na mlango. Alinyoosha mkono kama mtoto wa shule. "Mheshimiwa, samahani. Likiwa na chuma hicho litafika hospitali? Maana mke wangu..."

"Litafika likiwa linapendeza," alisema Waziri, na kikao kikafungwa kwa sala.

Leokadia hakukubali. Alilichukua gari siku moja, akalipima barabarani na shoo yake, akaandika ripoti: linakata umeme kilomita ya themanini na tatu. Ripoti ikapewa namba ya jalada. Leokadia akapewa uhamisho, akawa mkuu wa kituo cha kupima kina cha mto uliokauka zamani.

*

Uzinduzi ulifanyika Mtimbo, siku ya Alhamisi. Bi. Sikudhani alilazwa ndani ya gari kuanzia saa mbili asubuhi, kwenye kitanda kipya, kwa ajili ya picha. Aliambiwa ndiye atakayekuwa mgonjwa wa kwanza kupelekwa. Alikuwa amevaa kanga mpya na amepaka wanja. Bakili alikuwa akizunguka gari na kitambaa, anafuta vumbi ambalo halipo.

Saa tano Waziri akaanza kuhutubia.

"Ndugu wananchi! Taifa lisilo na shoo ni taifa lisilojua linakokwenda! Wazee wetu walikufa bila kuliona gari la umeme lenye fito tisa. Je, walikufa vizuri?"

"Hapanaaa!" wakajibu wananchi, na wazee wao wamezikwa hatua chache kutoka pale.

"Mimi nawaahidi, katika uongozi wangu, kila mgonjwa atabebwa kwa heshima ya daraja la waziri!"

Akashuka jukwaani, akaketi kula. Alikula sahani tatu za pilau, maharage, na nusu ya keki yenye umbo la gari, akaanzia upande wa shoo. Alipofika kwenye magurudumu ya nyuma akashika kifua.

"Nakufa," alisema. "Jamani, nakufa kweli. Hospitali!"

Lo! Ungeona viongozi wanavyokimbia. Chambulila akafungua mlango wa gari, akamwambia Bi. Sikudhani, "Mama, hebu sogea kidogo." Kusogea kidogo maana yake ilikuwa kushuka. Mama wa watu akashuka, ndala mkononi, akasimama juani, na Waziri akapandishwa kwenye kitanda kilichokuwa bado na joto lake.

Bakili alikuwa ameshika usukani. "Bwana Mkurugenzi, kwa shoo hii tutaishia njiani. Litakapozimika, hadi hospitali zitabaki kilomita kumi na tatu. Mheshimiwa tutamwacha na nani?"

"Kuvua sura ya gari la Serikali hakuruhusiwi," alisema Chambulila, jasho linamtoka. "Inataka kikao."

Kutoka kitandani ikasikika sauti ya Mheshimiwa. "Lifungueni hilo lichuma, mbwa nyie! Lifungueni!"

Zilikuwa nati nane. Bakili alizifungua kwa dakika nne. Shoo ikaachwa imelala kwenye majani, na wananchi, kwa kutojua la kufanya, wakaendelea kuiamkia. Gari liliondoka kimyakimya, likafika hospitali kuu kabla ya saa tisa, na betri ilikuwa bado imevuka nusu. Madaktari walimpima Waziri kwa vyombo vyote walivyonavyo, wakakuta ni gesi. Alicheua mara moja, akapona.

Sikudhani hakufika hospitali siku ile.

*

Mimi nikajua mambo yamekwisha. Mtu ameokolewa na gari lisilo na shoo, ameona kwa macho yake, amefika salama. Nikasema, hata awe mpumbavu namna gani, hili hatalisahau. Nilimkosea. Hakulisahau hata kidogo. Jumamosi alitoa waraka.

Waraka ulisema kwamba kwa kuzingatia tukio la kihistoria lililogusa uhai wa taifa, imethibitika kuwa gari la umeme hufika mbali zaidi likivuliwa shoo. Kwa hiyo, kuanzia sasa, shoo itaruhusiwa kuvuliwa pale ambapo abiria ana cheo cha kuanzia Naibu Waziri, au kinacholingana nacho. Abiria wengine wote watabebwa na shoo yao kamili, ili kulinda heshima yao. Orodha ya vyeo vinavyolingana imeambatishwa, kurasa arobaini na moja. Na ili watu wasidanganye, kizuizi cha Itifaki kitawekwa barabarani, kilomita kumi na moja kabla ya hospitali.

Soma tena, taratibu. Walijua! Walijua vizuri kabisa chuma kile kinafanya nini, wakafanya kukiondoa kuwe haki ya mtu mkubwa. Nimefanya kazi na wajinga maisha yangu yote na nina upole nao. Hawa hawakuwa wajinga.

Bakili aliupeleka waraka nyumbani. Yeye mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Sikudhani alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu imejaa, vidole havionekani vizuri.

"Baba Mwajabu, nisomee hapo kwenye wake."

"Wake hawapo."

"Wake wa nani hawapo?"

"Wa mawaziri wapo. Ukurasa wa tisa."

"Na wa madereva?"

"Mama Mwajabu, jilaze kidogo upumzike."

"Sijakuuliza habari ya kujilaza." Akacheka kidogo, kicheko cha kukohoa. "Kumbe miaka yote hii ningekuwa natafuta cheo, mimi nikawa natafuta dawa."

Jumatatu Bakili alitii. Alikuwa mtiifu miaka ishirini na sita, na utiifu ukizoea mwili haukutoki kwa siku moja. Alimpakia mkewe, akaondoka na shoo yote, na gari likakata umeme kilomita ya themanini na tatu, palepale Leokadia alipoandika. Walikaa juani mpaka jioni. Lori la mahindi liliwavuta kurudi Mtimbo. Sasa Sikudhani alikuwa amekosa mara mbili, na usiku kucha aliketi, kwa kuwa akilala pumzi haipiti.

Alhamisi asubuhi, watu wote wanaona, Bakili alichukua spana akafungua nati nane.

*

Yaliyotokea kizuizini nimeyasoma kwenye taarifa ya askari mwenyewe, Koplo Undule. Ni taarifa nzuri, haina neno lililokatwa hata moja. Koplo hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniuma. Alikuwa mtu wa adabu. Alisimamisha gari, akaona halina shoo, akachungulia ndani, akamwamkia mgonjwa.

"Shikamoo, mama. Cheo chako tafadhali?"

Sikudhani alikuwa akipumua kwa mabega. "Mama Mwajabu," alisema.

Koplo akaandika, kisha akamgeukia Bakili. "Hicho kiko ukurasa gani?"

"Afande, huyu ni mke wangu. Anakwenda kusafishwa damu, amekosa mara mbili. Tazama hapa, betri asilimia sitini. Zimebaki kilomita kumi na moja. Tutafika kabla hujamaliza ukurasa wa kumi. Nifunge mimi nikirudi, nakuapia nitarudi."

"Sikatai, mzee wangu. Ila lazima nisome orodha kwanza. Huenda yumo."

Mbele ya gari kulikuwa na ubao wa misumari, barabara nzima. Koplo akaketi kwenye kiti chake, akalowesha kidole, akaanza na ukurasa wa kwanza. Bakili alipiga magoti kwenye lami. Koplo akamwomba asimame, kwamba anamwonea aibu. Alisoma kwa haki, mstari kwa mstari, hakuruka. Ukurasa wa ishirini na mbili alikuta wenyeviti wa bodi ya maua. Ukurasa wa thelathini alipiga simu kwa Mkurugenzi Chambulila kuuliza kama ipo nafasi ya huruma, akajibiwa kwamba Mkurugenzi yuko kikaoni wakichagua rangi ya shoo za magari yajayo. Akaendelea. Alimaliza kurasa zote arobaini na moja kwa saa moja na dakika ishirini, akaenda kwenye gari kumwambia mama kwamba anasikitika, hayumo.

Alimkuta Bakili amemlaza mkewe mapajani, anamfunga kidevu kwa kanga.

Nilipofika hapo kwenye taarifa niliiweka chini nikatoka nje. Nilitaka kumtafuna mtu kwa meno yangu haya, sikujua nianze na nani, na orodha ilikuwa ndefu.

*

Waziri alikuja mazikoni mwenyewe. Nasema ukweli, alikuja. Gari la Mtimbo lililetwa likiwa na shoo yake kamili, imepakwa rangi ya fedha siku ileile. Chambulila akatoa ishara, na waombolezaji, macho mekundu, wakainama mbele ya chuma kile kabla ya kumwinamia maiti.

Waziri alisema marehemu ataingia katika historia kama mwananchi wa kawaida wa kwanza kupandishwa kwenye kitanda cha gari lenye fito tisa. Alisema kifo chake kimetufundisha kwamba orodha inahitaji faharasa, na faharasa itachapishwa. Kisha akaketi, akaomba maji, akaanza kusoma simu yake, na mshereheshaji akampa Bakili kipaza sauti ili aishukuru Serikali.

Bakili alikuwa amevaa sare. Alikishika kile kipaza sauti kwa mikono miwili, kama usukani.

"Zilibaki kilomita kumi na moja," alisema. "Betri ilikuwa asilimia sitini."

Akakirudisha. Waziri, ambaye hakuwa akisikiliza, aliona kipaza sauti kimerudi, akajua shukrani zimekwisha, akaanza kupiga makofi. Na sisi wote tukapiga.